Ubeti wa Dirisha la Ngazi

Mama yangu alikaa miaka kumi na mbili bila kukaa eda, na katika miaka hiyo yote hakuna mwanamke wa Kiunguja aliyepanda ngazi zetu za Walthamstow, London, asitie neno. Wakija kunywa chai watasema, "Bibi wee, mtu keshachukuliwa zamani, hana kaburi wala barua. Kaa eda yako, umwombee, upumzike." Mama akiwamiminia chai mpaka ukingoni. "Nimkalie eda mtu hajafa? Nani kaniletea habari ya kufa?" Na kweli hakuna aliyeleta. Baba alitolewa nyumbani asubuhi moja, mwezi ule wa Mapinduzi, na watu wenye bunduki. Walibeba na madaftari yake yote, na hatukumwona tena. Mie nilikuwa na miaka kumi na minne.

Kwetu mke kukiri kwamba mume kafa si kwa mdomo. Anakaa ndani miezi minne na siku kumi, havai pambo, hajitii manukato. Mama hakukiri. Alivaa kanga za rangi chini ya sweta, vipuli masikioni, na kila Alhamisi alijifukiza udi mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. Alikuwa mke wa mtu aliye safarini, basi.

Mie nilikuja London kusomea uuguzi. Sikumaliza. Nikamleta mama, nikapata kazi ya kaunsili, serikali ya mtaa, ya kuwahudumia wazee majumbani mwao: kuwaosha, kuwapikia, kuwafagilia. Sikuipenda wala sikuichukia. Siku zile sikuwa nikipenda wala kuchukia kitu. Niliamka, nikavaa koti, nikatoka. Watu walidhani ni upole wa tabia, na wengine wakanisifu kwa mama kwamba nina haya.

Mzee wangu wa asubuhi alikuwa Mcheki, mwalimu wa fasihi mstaafu, aliyekimbia kwao baada ya vifaru kuingia mjini. Alikaa nyuma ya soko, chumba cha chini, peke yake na vitabu. Mtu mwenye maneno! Kabichi yangu aliisema, sakafu yangu aliisema, na nilipomjaribia yale madonge yao ya unga ya kuchemsha aliyakata kwa uzi, akayatazama ndani, akasema kwao wangemfungia mtu jela. Nikamwambia ajipikie. Akasema angejipikia kama mikono isingekuwa inatetemeka. Basi nikatia kisibiti katika kabichi kama alivyotaka na tukaendelea.

Kwa sababu ya mikono hiyo akaniomba nimwandikie. Alikuwa akitunga kitabu kidogo kwa Kiingereza juu ya waandishi wa kwao wa karne iliyopita, wakati lugha yao ilipofufuliwa. Hakuna mchapishaji aliyekingoja. Haikuwa kazi yangu, lakini kuandika unakaa kitini, na kusugua jiko unapiga magoti. Nikachagua kiti. Kila siku nusu saa, yeye akisema na mie nikiandika, Kiingereza chake kibovu na changu kibovu, tunasahihishana kwa kiburi.

Ndivyo nilivyojua habari za Wacheki, mie ambaye sikuwahi hata kuwawaza. Kwamba kulikuwa na wakati lugha yao ilikuwa ya wapishi na watunza farasi. Ukitaka kusoma, Kijerumani. Ukitaka kazi ya ofisini, Kijerumani. Mtu akivaa koti zuri na kusema Kicheki barabarani, watu wanageuka. Kisha wakatokea watu wachache, mapadri wa vijijini, walimu, madaktari, wakaanza kuiandika upya. Mmoja akakusanya kamusi kubwa, na pale lugha ilipopungukiwa na neno akaliazima kwa majirani au akalitunga, akaliweka tu humo kama kwamba lilikuwepo siku zote. Wengine wakaenda kwa vikongwe kuandika hadithi na nyimbo. Walikuwa wachache hata wakawa wanataniana kwamba dari ya chumba wanachokutania ikianguka, taifa zima limekwisha.

Alinieleza pia habari ya kijana mmoja mshairi, aliyekuwa bora kuliko wote, ambaye wenziwe walimlaumu kwa sababu shairi lake lilikuwa la mapenzi na mauti na halikulisaidia taifa chochote. Alikufa hajatimiza miaka ishirini na sita. Huo ulikuwa umri wangu hasa. Mzee aliposema hayo akatoa leso. Mie nilingoja na kalamu mkononi. Nilijua kwamba pale mtu hutakiwa kusikia kitu, nami sikukisikia.

Siku nyingine akanisimulia zile hati. Wazalendo hawa walikuwa na lugha, wana kamusi, wana na nyimbo za vikongwe, lakini hawakuwa na tenzi za kale za mashujaa kama mataifa mengine. Basi zikaonekana. Kurasa za ngozi, chini ya mnara wa kanisa, zimeandikwa kwa maandishi ya zamani, zina vita na mabinti na mahakama za wafalme. Watu wakalia kwa furaha. Wakazifundisha mashuleni, wakazichora, wakazifasiri kwa lugha nyingi. Zilighushiwa na vijana wawili watatu wenye elimu, na ikachukua zaidi ya miaka sitini mpaka maprofesa wakathubutu kulisema jambo hilo waziwazi. Wakaonyesha kwamba ndani yake mna rangi ya buluu ambayo zama hizo haikuwa bado imevumbuliwa na mtu yeyote. Unadhani walishukuriwa? Waliitwa wasaliti.

"Sisi tenzi tulikuwa nazo tangu na tangu," nikamwambia. "Hatukuhitaji kughushi."

"Hongera," akasema. "Andika. Na hiyo supu, angalia isije ikamwagika."

Nilisema vile kwa kujidai kwa sababu ya baba. Baba alikuwa karani bandarini, lakini nyumbani alikuwa mtunzi. Nyumba yetu ilipokwisha kujengwa, kabla mie sijazaliwa, alimtungia mama utenzi wa nyumba, kila ubeti kitu kimoja: mlango, kisima, jiko, ukuta wenye ufa. Mzaha mwingi, na mapenzi chini ya mzaha. Daftari lilikwenda pamoja naye siku ile, lakini mama alikuwa na beti kwa moyo. Alizighani akikuna nazi, akikunja nguo, akingoja basi. Wa kwanza hata mie naujua:

*Karibu mke wa nyumba
ndivyo hivi vyako vyumba
si vikubwa vya kutamba
lakini vyatuenea*

Zilikuwa beti arubaini na moja. London alifika nazo kumi na tisa. Nyingine zilidondoka njiani, Dar es Salaam na kwengineko tulikopita, na mama hakushughulika sana nazo. Lakini baridi ile ya mwaka wa kumi na mbili zikaanza kumponyoka hata zile kumi na tisa. Anaghani, anafika ubeti wa kisima, anasimama. Anarudi mwanzo. Anafika pale pale. Macho nayo yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, haoni maandishi, kwa hiyo hata kumwandikia kusingemfaa. Mwisho akaacha kughani, na alipoacha kughani akaacha na kula. Nikimpelekea wali anausukuma. "Sina njaa, mwanangu. Nimempoteza baba yako kisimani."

Wiki nzima chai na mkate mkavu. Mie nilimtazama akipungua na nikawa nahesabu vijiko tu, kama kazini. Nilitaka ale. Sitajipamba hapa, sikuwaza heshima ya baba wala ushairi. Nilitaka ale, niache kubeba sahani zilizojaa kurudi jikoni.

Nikiwa ndani ya basi, nimetoka kwa mzee, nikatunga ubeti wa kisima. Ulikuja wenyewe. Nililelewa na sauti ile, kwa nini usije? Jumapili nikamwambia mama kwamba nimepata barua kutoka Maskati, kwa mtu aliyekuwa mwanafunzi wa baba katika mambo ya tungo, na kwamba zamani, kabla ya Mapinduzi, aliunakili utenzi wote. Atatuletea kidogo kidogo, nikasema, kwa sababu nakala yake imeliwa na mchwa na inamchukua muda kuisoma. Hilo la mchwa nilijisifu nalo moyoni. Njia ya mwongo fupi, lakini yangu niliisakafia vizuri.

Nikamsomea. Mama akainua uso.

"Lo! Huyu ndiye," akasema. "Ni yeye huyu. Hebu rudia."

Alikula siku ile wali na mchuzi wa samaki, akaramba na vidole.

Basi nikawa na kazi ya tatu. Kila Jumapili ubeti, au mbili. Nilizitunga katika basi nikaziandika nyuma ya karatasi za kaunsili. Mama akazishika zote kwa kusikia mara moja, yeye aliyekuwa amesahau za mumewe. Akaanza kutoka, akashuka nami sokoni kuchagua ndizi na kubishana bei na watu wasioelewa neno lake. Wanawake wakija anawaghania, nao wanatikisa vichwa, "Mashaallah, marehemu alikuwa fundi," na mama anawakata, "Marehemu nani? Fundi yuko hai." Nikiwa nakosha vikombe nilisikia wakisifu ubeti wangu wa jiko kuliko ule wa baba wa mlango. Hapo nilisikia kitu, nakiri. Kilikuwa kama joto la maji yale ya vikombe, kidogo, na nilikionea haya.

Nilizitunga kumi na nne. Wa kumi na nne ulikuwa huu:

*Ukipanda kwa mguu
dirisha la ngazi kuu
lina ubao kwa juu
nuru haba yatokea*

Nilipenda ule mstari wa nuru haba. Nikamsomea, nikangoja sifa. Mama aliacha kupembua mchele.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Ubao?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

"Dirisha la ngazi lilikuwa na kioo," akasema polepole. "Kioo cha rangi, alikileta mwenyewe kutoka bandarini. Walikivunja kwa kitako cha bunduki siku waliyomchukua. Ule ubao niliupigilia mimi, kwa mkono wangu, wiki ya pili baada ya yeye kuondoka. Baba yako hakuuona ubao."

Nilikuwa na miaka kumi na minne tulipoihama nyumba ile, na miezi ya mwisho ndiyo iliyobaki kichwani mwangu. Nikiiwaza nyumba naiona iliyovunjwa. Kioo cha rangi sikukikumbuka kabisa, mpaka leo sikikumbuki. Nikamkumbuka mzee na rangi yake ya buluu, nikafungua mdomo kusema.

Lakini mama alikuwa keshasimama, mchele umemwagika, anacheka na machozi yanamtoka. "Karudi nyumbani! Mwanangu, baba yako kairudia nyumba baada ya sisi kuondoka. Kapanda ngazi, kauona ubao wangu. Nakala ya zamani wapi! Huyo mwanafunzi anaficha, ameambiwa afiche. Baba yako yu hai, na ananiletea salamu."

Nilipaswa kusema pale pale. Nilisema, "Kaa mama, utaanguka." Kisha nikachukua ufagio, nikaufagia mchele.

Asubuhi yake nikamweleza mzee mkasa mzima, na Kiingereza changu kilinikimbia mara mbili. Alinisikiliza huku akijaribu kufunga vifungo vya shati. Nilitaka aniambie la kufanya. Si mwalimu?

"Wale walioziamini hati," akasema, "hawakuuliza kama ni za kweli. Waliuliza kama ziko nyingine."

"Hilo halinisaidii."

"Hapana," akasema. "Halikutusaidia na sisi. Nifungie hiki cha juu, tafadhali." Nikamfungia, nikamkoshea vyombo, nikaenda zangu.

Kwetu nyumba iligeuka. Mama aliniandikisha barua ya kwenda Maskati, ikianza na salamu kurasa mbili. Niliitia bahasha, nikaitupa pipani Stratford nilipokuwa nikibadili basi. Hakuna jibu, lazima. Akaniandikisha ya pili. Aliwaambia wanawake wote, nao wakatazamana, wakanitazama mie, nami nikatazama birika. Akamtuma mmoja amletee kikoi kipya cha kiume kutoka dukani kwa Mhindi. Akakifua, akakikunja, akakiweka upande wa pili wa kitanda. Nilikuwa nikiingia kumpa dawa nakikuta. Sikuwa na huzuni, sikuwa na hofu. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Unaugusa, unajua ni wako, basi.

Wiki ya tano nikatoka kazini nikakuta mikono ya mama mitupu. Bangili zake zilizovuka bahari pamoja nasi, nne za dhahabu, hazipo. Nikamuuliza.

"Nimeuza," akasema. "Tikiti ya Unguja. Kama hawezi kuja yeye nitakwenda mimi. Nitakaa mlangoni pa nyumba ile mpaka anione. Waliomo humo sasa, waniue wakitaka."

Naye angekwenda. Kipofu nusu, na pasi ya Kiingereza, na jina la mtu aliyechukuliwa, kugonga mlango wa nyumba iliyotaifishwa ambamo wanakaa watu wengine, kuuliza habari za mumewe. Usiku sikulala wala sikulia. Kulipokucha, Jumanne, sikuvaa koti. Nikaingia jikoni, mama anachemsha maziwa, nikamwambia.

"Mama, hakuna mwanafunzi Maskati."

"Labda kahama."

"Hakuwahi kuwepo. Beti nimezitunga mie. Wa kisima, wa jiko, zote zile mpya, na wa dirisha. Mie ndiye niliyeuona ubao. Baba hakurudi nyumbani. Sijui baba alikokwenda. Hakuna anayejua."

Maziwa yakafurika, yakazima moto. Nikanyoosha mkono nikafunga gesi. Mama alikuwa amesimama vile vile, mwiko mkononi. Nilidhani atanipiga na nilitaka anipige.

"Zote?" akauliza.

"Kumi na nne."

Akaketi. Akageuza uso upande wa dirisha ambalo hakuliona. Aliposema, sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Miaka kumi na mbili mie na beti zangu kumi na tisa tulikuwa tunamngoja, na tulikuwa tunatosha. Nilijua labda. Labda ndiyo iliyonileta mpaka hapa. Wewe ukaja ukaniondolea labda, ukanipa mtu mzima mzima, anapanda ngazi. Nimemsikia miguu, mwanangu. Sasa umemwondoa, na labda yangu huwezi kunirudishia." Akavua kipuli cha kulia, akaweka mezani. "Wale walimchukua tu. Umemuua wewe."

"Nisamehe, mama."

"Leo tarehe ngapi?"

Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, miezi minne, kisha siku kumi, akitikisa mdomo bila sauti. Akavua na cha kushoto. Akaniambia nimtafutie nguo nyeupe, na nikikosa, shuka safi itafaa. Akaniambia nikarudishe tikiti. Kisha akaingia chumbani akafunga mlango, na kwa hesabu ile ile hakutoka nje ya nyumba, nami nikamhudumia kama nilivyowahudumia wazee wa kaunsili, chakula, maji ya udhu, dawa ya macho. Wanawake walipokuja hawakumuuliza nani kaleta habari. Walidhani hatimaye kasikia nasaha zao. Walinishika mikono wakanipa pole ya kufiwa na baba, mmoja mmoja, na mie nikaitikia.

Mzee alikufa mwaka uliofuata, kitabu hakijakwisha, na jamaa zake waliokuja kuchukua vitabu hawakuzihitaji karatasi zangu. Mama aliishi miaka minane zaidi. Hakughani tena. Nilimwomba mara moja tu anipe zile kumi na tisa niziandike, angalau hizo za kweli. Akajaribu, akafika ubeti wa nne, akasita. "Huu wake au wako?" akaniuliza, na nilipomwambia ni wa baba sikuona usoni mwake kama kaniamini.

Hitima ya baba twaisoma tarehe ile ya jikoni, kwa sababu nyingine hatuna. Sasa nimebaki mie wa kuisoma. Watoto wangu, waliozaliwa London, huniuliza kwa Kiingereza babu alifia wapi, wakitazamia niseme gerezani, au baharini, au kwenye kichaka fulani cha Unguja. Nawaambia alifia Walthamstow, Jumanne asubuhi, na mie nilikuwepo.